Siku Niliyompa Eliaichi Likizo

Marahaba, wanangu. Naitikia kabla hamjaniamkia, kwa sababu ninyi mnaoanza kazi ya kutembeza wageni siku hizi mna haraka, na mwenye haraka husahau salamu.

Mimi ni Faustini. Nimeendesha gari na kuongoza wageni kwenye miteremko ya Kilimanjaro kwa miaka ishirini na sita, nikiwa na leseni zote mbili, ya udereva na ya uongozaji. Nimestaafu juzi tu, baada ya goti la kushoto kuanza kugombana na klachi. Sikuwa mtu wa kupeleka watu kileleni. Kazi yangu ilikuwa safari za siku moja: mnatoka Moshi asubuhi, mnapanda na gari mpaka barabara inapoishia, mnatembea, mnarudi mjini jua bado lipo. Wenzetu wa kileleni huidharau kazi hiyo. Waacheni. Wao wana siku sita za kurekebisha kosa la siku ya kwanza. Wewe wa siku moja ukikosea asubuhi, jioni unavuna ulichopanda.

Mpwa wangu anayefundisha vijana ameniomba niandike namna ya kupanga safari kama hiyo. Nimekubali. Ila siwezi kuandika juu ya ratiba bila kumtaja Eliaichi, na siwezi kumtaja Eliaichi bila kukiri kwamba nilimwonea wivu. Sisemi ule wivu wa kutaniana. Nasema ule wa kukufanya ushindwe kumeza chakula mwenzako anaposifiwa.

Kwanza nimtaje aliyenifundisha, msije mkadhani nilizaliwa mjinga bila msaada. Aliitwa Mzee Sifaeli, dereva wa zamani. Mwaka wangu wa kwanza nilifika Marangu, kwenye geti la hifadhi ya mlima, na wageni wanne. Gari nilikuwa nimelikagua tangu jana yake: mafuta, maji, upepo wa matairi, tairi la akiba. Milango ilipofunguliwa, wageni wote wanne wakashuka na kandambili. Viatu vyao vya kutembelea walikuwa wameviacha hotelini Moshi, wakidhani nitapita kuvichukua. Mzee Sifaeli alikuwa ameegesha pembeni yangu. Akaniangalia, akaangalia vidole vya wale wageni, akasema, "Gari umelikagua. Miguu je?"

Tangu siku hiyo sikuwahi kuondoka hotelini bila kuinama kuangalia viatu vya watu. Wengine walidhani ninawasujudia.

Mzee huyo alinipa na kanuni moja, nami nawapa ninyi. Safari ya siku moja hupangwa kuanzia mwisho. Anza na saa ambayo wageni lazima wawe mjini, kisha urudi nyuma. Kama mnataka kuwa Moshi saa kumi na mbili jioni, basi getini muwe mmeshatoka saa kumi na moja kasoro, maana pale Himo, mji wa njiani, ikiwa ni siku ya soko mtakaa nyuma ya malori ya ndizi mpaka mjue majina ya madereva. Ukishajua saa ya kutoka getini, toa saa za kushuka. Unapata saa ya kugeuka. Saa hiyo ya kugeuka ndiyo ratiba yenyewe, yaliyobaki ni mapambo. Unawatangazia wageni asubuhi, wote wakusikie, na ikifika mnageuka hata kama mmebakiza hatua ishirini.

Hiyo kanuni niliijua kama Baba Yetu. Kumbukeni hilo mnapoendelea kusoma.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili karibu na soko kuu la Moshi. Mwenye ofisi alikuwa Mama Olivia, mjane mwenye sauti ya kuamrisha na moyo laini. Madereva tulikuwa watano, na kwa safari za siku moja mimi nilikuwa wa kwanza bila mjadala. Mgeni akiuliza maporomoko ya maji, Faustini. Akiuliza msituni, Faustini. Nilikuwa na kiti changu karibu na dirisha, na hakuna aliyekikalia.

Halafu akaja Eliaichi. Alitokea Old Moshi, binti wa familia ya Kilutheri yenye kihamba cha kahawa na ndizi na ng'ombe wawili wa maziwa. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka minane, akaacha, akasomea uongozaji. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na tisa, yeye thelathini na nne. Aliniita kaka Faustini na kuniamkia kila asubuhi bila kukosa, jambo ambalo lilinikera zaidi, kwa sababu sikupata hata adabu mbaya ya kumlaumu nayo.

Alipanga safari kama anavyopanga vipindi vya darasa. Jioni ya kabla ya safari aliwachukua wageni wake akawatembeza nusu saa tu katika msitu wa Rau, huku chini mjini. Wenzangu na mimi tulicheka. Rau kuna mlima gani? Kumbe alikuwa anatazama nani anachechemea, nani anapumua kwa mdomo, kiatu cha nani ni kipya na kitamla kisigino. Akirudi anaandika muda wa kutembea kwa kumfuata yule wa mwisho, wala si wa katikati. Hakuwahi kumwuliza mgeni, "Utaweza?" Alisema kila mtu anaweza akiwa amekaa. Aliuliza, "Mara ya mwisho kupanda ngazi za ghorofa tatu ilikuwa lini, na goti lilisema nini?"

Katika mwaka wake wa pili wageni walianza kupiga simu na kusema, "Tunamtaka yule dada." Mimi nikiwa hapo hapo dirishani.

Nikavumilia. Kisha Mzee Sifaeli, ambaye alikuwa ameshastaafu, akaomba siku moja apande gari la Eliaichi kwenda kuwatembelea jamaa zake Marangu. Aliporudi alinikuta ofisini. Nikamwuliza kwa mzaha, "Haya mzee, umeonaje kazi ya mwalimu?"

Hakujua mzaha wangu ulikuwa na miiba. Akasema, "Faustini, yule amefika nilipofika mimi baada ya miaka thelathini. Na hakuna aliyemwonyesha."

Nilicheka. Nilitoka nje nikaosha gari lililokuwa safi.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe.

Jumatano moja, ofisi ikiwa haina mtu ila mimi, simu ikalia. Alikuwa dada mmoja wa Dar es Salaam, jina lake Witness. Alisema mama yake, Mama Adelina, ana miaka sabini na moja, amezaliwa Marangu, akaolewa akahamia Dar akiwa binti. Utotoni alikata majani ya ng'ombe mpakani mwa msitu, lakini ndani hakuwahi kuingia. Kaka yake marehemu alikuwa mpagazi, na kila aliporudi alimsimulia juu ya Mandara, kituo cha kwanza ambako wapandaji hulala katika vibanda vya mbao. Mama huyo alikuwa amewaambia watoto wake kwamba kabla hajafa anataka kukaa pale kaka yake alipokuwa akipumzika.

"Tumeambiwa kuna dada anaitwa Eliaichi," Witness akasema. "Tunamwomba yeye. Tunakuja Jumamosi, mimi, mama na kaka yangu Prosper."

Wanangu, sikupanga kusema uongo. Ulitoka kama kikohozi.

"Eliaichi yuko likizo," nikasema. "Lakini msijali, nitawapeleka mwenyewe. Mimi ndiye mkubwa wa safari za siku moja hapa."

Nikaenda kwenye ubao, nikaandika Jumamosi, Mama Adelina, Faustini. Mstari wa juu yake tayari ulikuwa na safari ya Eliaichi ya siku hiyo hiyo: mume na mke kutoka Mwanza, Marangu hadi Mandara na kurudi. Nikapiga hesabu. Yeye huanza mapema sana. Atakuwa mbele yangu siku nzima. Hatutaonana.

Mimi, bingwa wa ratiba, nikasahau kwamba njia ile ya Marangu unayopandia ndiyo unayoshukia.

Nikaketi kupanga siku yao, na hapo wivu ukashika kalamu. Nilitaka watu hawa warudi Dar wakisema hawajaona safari kama ile. Nikaweka maporomoko ya maji asubuhi. Nikaweka Mandara. Nikaweka Maundi, ile kreta, shimo la volkano ya zamani, iliyo robo saa juu ya Mandara, ambako anga likiwa safi unaona mpaka Kenya. Na jioni nikaweka kuonja kahawa kijijini. Ukiisoma ile karatasi ungedhani siku ina saa thelathini. Kanuni ya Mzee Sifaeli niliiruka kama dimbwi la maji. Saa ya kugeuka sikuiandika popote.

Jumamosi tuliondoka Moshi saa mbili asubuhi badala ya kumi na mbili na nusu, kwa sababu shangazi yao aliwapikia mtori na hakuna Mchaga anayekataa mtori wa shangazi. Ramani ya simu ya Prosper ilisema tutakuwa Marangu baada ya saa moja. Ramani ya simu haijui soko la Himo. Kwenye maporomoko Prosper akapiga picha hamsini. Tulipomaliza kujiandikisha getini na kuanza kutembea ilikuwa saa nne na nusu. Eliaichi alikuwa ameanza saa mbili na nusu.

Mama Adelina alitembea vizuri, taratibu, kama mtu anayekwenda kanisani akiwa na muda. Alivaa sketi juu ya suruali ya michezo ya binti yake, na mkononi fimbo niliyomkatia. Aliwajua mbega kabla sijamwonyesha. Aligusa zile kuvu zinazoning'inia mitini kama ndevu akasema, "Kaka aliniambia miti imezeeka huku. Nikadhani ananidanganya."

Nilimpenda mama yule. Ningekuwa simpendi, hadithi hii isingeniuma.

Saa saba na nusu, tukiwa bado na mwendo wa saa nzima kufika Mandara, nikasikia kicheko kwenye kona ya juu. Nikakijua. Nikatafuta pa kujificha, mtu mzima mwenye leseni mbili, na pale njia ina upana wa watu wawili tu. Eliaichi akatokeza na wale wageni wake wa Mwanza, wanashuka, nyuso zao kavu, hawana hata haraka.

Witness akasimama. "Samahani, wewe si dada Eliaichi? Nimeiona picha yako kwenye simu ya rafiki yangu. Si tuliambiwa uko likizo?"

Hata mbega nadhani walitaka kusikia.

Eliaichi alinitazama. Hakutazama muda mrefu, ila mimi nilipata nafasi ya kuhesabu vifungo vyote vya koti lake. Kisha akamgeukia Witness, akatabasamu.

"Likizo ilikatishwa, dada. Kazi zetu hizi." Halafu akamshika Mama Adelina mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo mama. Pole na njia."

"Marahaba mwanangu. Nataka tu kukaa pale kibandani Mandara. Bado mbali?"

"Kwa mwendo wako huo mzuri, saa moja. Utakuta benchi kwenye jua, kama jua litakuwepo."

Wageni wake walipokuwa wakizungumza na wangu, alinivuta kando kama hatua tatu, akaniambia kwa sauti ya chini. "Kaka Faustini, mvua inakuja kabla ya saa kumi. Mpeleke mama akae kibandani, hicho ndicho alichokijia. Akishapumzika mshuke palepale. Maundi iacheni. Goti lake la kulia analilinda, umeliona?"

Nilikuwa sijaliona. Kwa muda wa saa tatu nimetembea nyuma ya yule mama, na yeye ameliona kwa dakika mbili.

"Nimekusikia," nikasema, kwa namna ile mtu anavyosema akiwa hajasikia.

Mandara tulifika saa nane na nusu. Mama Adelina alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la mbele ya kibanda cha kwanza, akakaa, akaweka fimbo magotini. Hakulia wala hakusali kwa sauti. Alipapasa ubao wa benchi kwa kiganja, mbele na nyuma, kama anayefuta makombo mezani. Kisha akanigeukia akasema, "Aika, baba." Aika kwetu ni asante. "Nimefika. Sasa tushukeni."

Mwenye safari kasema tushuke. Mtu mwenye akili angebeba mabegi.

Lakini Prosper, bila nia mbaya, akasema, "Wale wa Mwanza wameniambia Eliaichi aliwapeleka mpaka kwenye kreta huko juu. Wameona mpaka ziwa la upande wa Kenya. Wanasema hawatasahau."

Nikasikia moyo unachomwa kama umeguswa na kijinga cha moto. Nikasema, "Na ninyi mtaona. Ni robo saa tu. Mama, robo saa."

"Mimi nimetosheka, baba."

"Umetoka Dar mama, ukaishie hapa?"

Akaniangalia, na naamini alikubali kwa kunionea huruma. Akina mama wa kwetu wanajua kumtambua mwanaume anayeomba kitu.

Maundi hatukuona ziwa, wala Kenya, wala mwisho wa pua zetu. Ukungu ulikuwa umekaa pale kama maziwa kwenye kibuyu. Tukasimama dakika tatu, Prosper akapiga picha ya weupe. Matone ya kwanza yakaanguka. Tulipogeuka kushuka, kwenye mawe yaliyolowa karibu na msitu, Mama Adelina alikanyaga, jiwe likazunguka, na lile goti la kulia likaenda upande ambao goti haliendi.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi," akakaa chini.

Nilimbeba mgongoni mpaka Mandara. Ni pafupi, lakini kila hatua ilikuwa ndefu kuliko barabara yote ya kutoka Moshi. Pale kituoni vijana wa uokoaji walimfunga goti, wakamlaza kwenye ile machela ya gurudumu moja, wakamfunika turubai. Tukashuka kilomita nane kwenye mvua, wao wakiishika huku na huku, gurudumu likigonga mizizi, na mama akisema "polepole wanangu" kwa sauti ambayo bado ninayo masikioni. Witness alitembea pembeni amemshika kidole. Mara moja tu aliniuliza, "Ulijua mvua inakuja?"

Nikasema, "Niliambiwa."

Nikasogea mbele, nikashika upande mmoja wa machela.

Getini tulifika saa kumi na mbili kasoro, mwanga ukiwa umebaki kidogo. Eliaichi alikuwa amesimama chini ya paa, na kanga mbili kavu begani, chupa ya chai na mikate. Wageni wake alikuwa amewapakia kwenye gari la mwenzetu mmoja wasicheleweshwe. Alimfuata mama kwanza, akamvua koti lililolowa, akamkausha nywele, akampa chai akiwa amemshikia kikombe. Alikuwa ameshapiga simu hospitali ya mjini, wanatusubiri.

Nilimkuta nyuma ya gari langu akifungua mlango ili mama alazwe kiti cha nyuma.

"Umejuaje tutachelewa?" nikamwuliza.

"Nilikuona uso," akasema. "Uso ule nilikuwa nauona darasani kwa mtoto anayekwenda kufanya kitu alichokatazwa."

Kisha akafunga mlango polepole, mama asishtuke, akaniambia maneno ambayo ningefurahi kama angeyasema kwa hasira. "Kaka Faustini, nikienda likizo nitakuaga mwenyewe."

Goti halikuwa limevunjika. Lilikuwa limechanika ndani, na Mama Adelina alitembelea magongo Dar kwa miezi kadhaa. Nilimpigia simu kila Jumapili baada ya misa, na wiki tatu za kwanza Witness ndiye aliyepokea na kusema amelala.

Sasa mtaniuliza, Eliaichi alimwambia Mama Olivia? Hakumwambia. Jumatatu alikuja, akaniamkia kama kawaida, akakaa kuandika ratiba zake. Jumanne vilevile. Na mimi, wanangu, nikauonea wivu hata huo ukimya wake. Nilitaka anisengenye ili tuwe sawa. Alhamisi nilishindwa. Niliingia chumba cha Mama Olivia, nikafunga mlango, nikasema yote, kuanzia ile simu.

Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachezea miwani yake. "Na Eliaichi anajua tangu Jumamosi?"

"Anajua."

"Kuanzia leo utaendesha," akasema. "Kupanga atapanga yeye. Na ratiba atakayokupa, utaifuata mpaka nukta."

Hiyo ndiyo adhabu iliyonifundisha kazi nikiwa na miaka zaidi ya hamsini. Msimu mzima nilipewa karatasi za Eliaichi, na mwanzoni nilizisoma nikitafuta kosa. Niliyakuta makosa mawili, nikamwambia kwa furaha kubwa, naye akayasahihisha na kunishukuru, furaha ikaisha. Nikaanza kuona mambo. Hakuweka kamwe vituo viwili kabla ya kutembea. Cha pili kilikuwa siku zote baada ya kushuka, ili kikikosekana hakuna anayelia. Makoti ya mvua yalikaa migongoni mwa wageni hata jua likiwa kali, kwa sababu koti lililobaki garini ni la gari. Chakula kililiwa kabla ya njaa. Na pale kwenye saa ya kugeuka aliandika pia jina la mtu: nani atakayeisema kwa sauti. Mara nyingi alimpa kazi hiyo mgeni mwenyewe aliye dhaifu kuliko wote, ili asione haya kusema, bali aone ni wajibu wake.

Mimi nilimwongezea moja, na aliikubali: gari liegeshwe likiangalia chini kabla hamjaanza kutembea. Jioni, watu wamechoka, mvua inanyesha, si wakati wa kugeuza gari kwenye tope. Na barabara ya kushuka Marangu mshuke kwa gia, breki ziwe akiba. Haya yangu ni machache, lakini ni yangu.

Mwaka uliofuata Witness alipiga simu. Safari hii simu aliipokea Mama Olivia. Mama Adelina anataka kurudi, goti limepona kiasi. Anamtaka Eliaichi.

Nilikuwa dirishani. Nikaangalia barabarani kana kwamba kuna mtu ninayemsubiri.

"Na dereva?" Mama Olivia akauliza. Akasikiliza. "Anasema yeyote."

Yeyote. Nikaomba niwe mimi, na Eliaichi akasema sawa kabla Mama Olivia hajafungua mdomo.

Ratiba ilikuwa mistari minne. Kuondoka saa kumi na mbili na nusu; shangazi aliombwa alete mtori hotelini ukiwa kwenye chupa. Kuanza kutembea saa mbili na nusu. Kugeuka saa nne na nusu, popote walipo, na wa kuisema ni Mama Adelina. Kurudi getini saa sita, kisha chakula cha mchana Marangu, kwa jamaa zake. Mandara haikutajwa popote. Nilimwuliza Eliaichi kama mama ameikubali hiyo. Akasema, "Ameipanga yeye. Kibandani alishafika. Sasa anataka kushuka vizuri."

Mimi nilibaki getini na gari, likiangalia chini. Nililifuta vumbi. Nilikunywa chai. Niliwaza mambo ambayo sitayaandika, mengine ya aibu: kwamba mvua inyeshe kidogo tu, asubuhi hiyo, ili ratiba ya Eliaichi nayo ikosee mara moja. Anga lilikuwa safi kama bati jipya.

Niliwasikia kabla sijawaona. Walikuwa wanaimba wimbo wa kuvunia, wa kina mama, Kichaga kitupu, Eliaichi akiitikia kwa lafudhi yake ya Old Moshi na Mama Adelina akimsahihisha. Wakatokeza kwenye mwisho wa miti, mama katikati, fimbo begani kama jembe, haikugusa chini. Saa yangu ilisema saa sita na dakika tano. Karatasi ilisema saa sita.

Nikafungua mlango wa gari. Mama Adelina hakuingia. Alisimama mbele yangu, akanitazama vizuri, jasho likimtiririka shavuni, akasema, "Baba, leo nimeshuka kwa miguu yangu."

"Hongera sana, mama," nikasema, na nilimaanisha kwa moyo wote.

Nyuma yake Eliaichi alikuwa ameinama akimfungulia Witness kamba ya kiatu iliyoingia fundo, bila kutuangalia hata kidogo, na wivu ukanichoma palepale kama siku ya kwanza. Nikampokea Eliaichi begi lake, nikaliweka garini.